Uzi maalumu: Kulea mimea inayokula wadudu kwenye gereji ya nyumbani (flaitrapu, Sarracenia, Nepenthes, Drosera na jamaa zake)

Mkulima wa Gereji (mleta uzi)

Wakuu habari zenu. Kule kwenye uzi wa maua ya ndani kila nikigusia hii mimea maswali yanakuja mengi mpaka tunawaharibia watu mada yao, kwa hiyo nimeona tuhamie hapa, tuongee kwa nafasi. Ni uzi mrefu, mwenye haraka asome tu sehemu ya maji na ya baridi maana ndo zinazoua mimea ya watu wengi.

Niko Greensboro, North Carolina. Gereji yetu ni ya magari mawili, upande mmoja linalala gari, upande wa pili kuna shelfu za chuma za ghorofa nne, na kila ghorofa ina taa yake na trei zake za maji. Wageni wakiingia wanadhani nimewekeza huko kwa kukosa nafasi ndani. Hapana wakuu, gereji ndo sehemu yenyewe. Sebuleni kuna hita winta nzima, joto ni lilelile Januari na Julai, na mmea kama flaitrapu ukiukalisha kwenye joto hilo mwaka mzima unachoka unakufa. Gereji isiyo na hita winta inashuka mpaka nyuzi 3, 5, 8 hivi, haigandi kama nje, na hicho ndo kitu kinachotafutwa.

Na niseme kwamba mimi kuishi jimbo hili ni bahati. Flaitrapu, ule mmea wenye mdomo unaofunga, duniani kote asili yake ni hapa tu, kwenye tambarare za pwani ya North Carolina na kipande cha South Carolina, yaani eneo kama la kilomita 120 kuzunguka mji wa Wilmington. Haupo Brazil, haupo Kongo, haupo Asia. Watu wengi wanadhani unatoka misitu minene ya kitropiki, kumbe unatoka kwenye mbuga za misonobari zenye mchanga, maji yanatuama, jua kali linapiga hadi chini, na moto unapita kila baada ya miaka michache unafyeka vichaka. Moto ukizuiwa vichaka vinafunga jua na flaitrapu zinapotea. Pale Green Swamp, kaunti ya Brunswick, wahifadhi wanachoma mbuga makusudi ili izae upya.

Sasa ukitaka kuelewa kila nitakachosema chini, shika hili: hii mimea imetoka kwenye ardhi masikini. Kinamasi chenye asidi, mchanga uliooshwa na mvua, mwamba wenye maji yanayochuruzika, huko nitrojeni na fosforasi ni za kutafuta kwa tochi, ndo maana mmea umeamua kuzifuata kwa wadudu. Mizizi yake haijui chumvichumvi. Kwa hiyo kila kitu unachompa mmea mwingine kwa mapenzi, samadi, mbolea ya dukani, udongo mweusi mzuri, maji ya bomba, huu ukiupa unauunguza. Kazi ya mleaji ni kuunyima. Nimeona watu wengi wanashindwa hapa kwa sababu ya huruma, wanaona mmea umenyong'onyea wanautilia mbolea kidogo, wiki mbili baadaye haupo.

MAJI. Ni maji ya mvua, maji ya distildi (yaliyogeuzwa mvuke yakapozwa tena) au maji yaliyopita kwenye mashine ya RO, ile inayochuja mpaka madini. Basi. Maji ya chupa ya kunywa yana madini yamewekwa ili yawe na ladha, sio ya huku. Kuchemsha maji ya bomba hakusaidii, ukichemsha maji yanapungua madini yanabaki, yaani unayafanya makali zaidi. Nunua kile kipimo kidogo cha TDS, yaani cha madini yaliyoyeyuka majini, ni kama kalamu, unachovya unasoma. Chini ya 50 uko salama. Bomba la sehemu nyingi linasoma 150, 300, kisima cha pwani kinaweza kupita hapo mbali sana. Mimi nina mapipa mawili chini ya mfereji wa paa nakinga mvua, na winta mvua ikiwa chache naingia dukani nanunua galoni za distildi.

Jinsi ya kumwagilia: vyungu vinakaa ndani ya trei yenye maji sentimita 1 hadi 3, vinanyonya vyenyewe kutoka chini. Flaitrapu, Sarracenia (ile ya mitungi mirefu iliyosimama) na Drosera nyingi (ile yenye umande unaonata) zinapenda hivyo. Nepenthes (ile ya mitungi inayoning'inia) HAPANA, hiyo usiiache na miguu majini, mizizi yake inaoza, yenyewe unaimwagia juu maji yanatoka chini halafu unasubiri.

UDONGO. Pitimosi (mosi ya kinamasi iliyooza nusu) tupu isiyo na mbolea, changanya na perilaiti (vile vipunje vyeupe vyepesi vya mwamba), nusu kwa nusu. Soma mfuko mbele na nyuma, mifuko mingi siku hizi wanachanganya mbolea humohumo na wanaandika kwa maandishi madogo. Chungu kiwe cha plastiki, cha udongo wa kuchoma kinatoa chumvi pole pole. Kwa Nepenthes chukua mosi ya sfagnamu ile ndefu yenye nyuzinyuzi na perilaiti au magome, iwe na hewa.

MWANGA. Ndani ya gereji hakuna jua, hilo tukubaliane. Dirisha dogo la gereji halitoshi hata kwa Drosera. Nimefunga taa za LED nyeupe za kawaida za karakana, zile ndefu za futi 4, rangi ya Kelvin 5000 hadi 6500, zinakaa juu ya mimea kama sentimita 20 hadi 30. Taa za zambarau sizipendi, zinaumiza macho na huwezi kuona mmea una rangi gani, na rangi ndo lugha yake. Flaitrapu yenye mwanga wa kutosha ndani ya mdomo inakuwa nyekundu, Drosera inakuwa na umande mwingi unameta. Ukiona majani marefu mepesi ya kijani yamelala, mwanga hautoshi. Saa 14 hadi 16 kiangazi, taimeri inawasha na kuzima, usitegemee kumbukumbu yako.

Gharama ya umeme maana ntaulizwa: taa 4 za wati 40 ni wati 160, mara saa 14 ni uniti 2.24 kwa siku, kwa mwezi uniti 67 hivi. Kwa bei ya senti 13 kwa uniti ni kama dola 9 kwa mwezi. Sio kitu.

BARIDI. Flaitrapu na Sarracenia lazima zilale miezi mitatu hadi minne, chini ya nyuzi 10 hivi. Kuanzia mwisho wa Oktoba napunguza saa za taa taratibu mpaka zinafika 9 au 8, gereji inapoa yenyewe, majani yanaanza kuwa meusi, midomo inaacha kufunga, mmea unabaki kishina kidogo chini. Usiutupe! Kila mwaka kuna watu wanatupa mmea mzima wakidhani umekufa. Bonyeza kile kitunguu cha chini, kama ni kigumu na cheupe basi umelala. Maji unapunguza, udongo uwe unyevu tu. Februari mwishoni narudisha taa na Machi unaona vijani vipya vinachomoza.

Nepenthes na Drosera za tropiki hazilali, hizo winta zinahamia kwenye kihema cha kuoteshea humo humo gerejini, kina taa yake, mkeka wa joto chini na feni ndogo. Na kiangazi kuna shida ya upande wa pili, gereji inaweza kufika nyuzi 40 mchana, kwa hiyo mlango unauinua kidogo chini na feni inasukuma hewa usiku na mchana. Kwa sababu hiyo Nepenthes za milima mirefu siziweki kabisa, zinataka usiku wa nyuzi 12 mpaka 15, gereji ya Julai hapa ni kuzitesa.

Waya za umeme na trei za maji zikae mbali, soketi iwe ya kujikata yenyewe. Na gari usiliache linaunguruma ndani mlango umefungwa, hilo ni kwa uhai wako wewe.

Picha ntaongeza. Karibuni kwa maswali.

Mwana wa Njombe

Mkuu uzi umetulia, asante. Mimi swali langu ni tofauti kidogo, huku kwetu kwenye tindiga, zile sehemu za majimaji kwenye milima, kuna vimea vidogo vyekundu vinanata, ukivishika vina utelezi kama gundi na unakuta vimbu vimeganda juu yake. Tukiwa wadogo tulikuwa tunachunga pale. Ni hivi unavyoongelea au ni kitu kingine?

Mkulima wa Gereji (mleta uzi)

Mkuu umenifurahisha sana, kwa maelezo hayo hiyo ni Drosera. Tanzania tunazo, Drosera madagascariensis ipo kwetu na ipo sehemu nyingi za Afrika ya tropiki, shina lake linapanda kama uzi majani yamezunguka, na ipo Drosera indica ambayo inaota msimu wa mvua halafu inakufa inaacha mbegu. Na kwenye hizo hizo tindiga chunguza vimaua vidogo vya njano au zambarau visivyo na majani ya maana, mara nyingi ni Utricularia. Yenyewe mitego iko chini ya ardhi au ndani ya maji, vifuko vidogo kama kichwa cha pini, mdudu akigusa kinywele mlango unafunguka ananyonywa ndani kwa muda chini ya sekunde moja gawanya kwa elfu. Hakuna mmea mwingine duniani unaokamata haraka kiasi hicho, flaitrapu pamoja na sifa zake zote inachukua kama sehemu ya kumi ya sekunde.

Drosera ndo iliyomshika Charles Darwin. Alianza kuichunguza 1860, akaipa nyama, ute wa yai, maziwa, akaona vinywele vinainama kwenye chakula chenye nitrojeni na kwenye kipande cha kioo vinaachia mapema. Matokeo akayatoa 1875. Yule ambaye dunia inamjua kwa mambo mengine kabisa alikaa miaka anatazama kimea ambacho wewe ulikuwa unakikanyaga ukichunga.

Ombi langu mkuu, usizing'oe. Piga picha, angalia mwezi gani zinatoa maua, na zikikomaa chukua mbegu chache tu, acha mama pale pale. Tindiga zikikaushwa kwa kilimo hizi ndo za kwanza kuondoka.

Shangazi wa Muscat

Assalaam alaykum wanangu. Mie niko Muscat, asili Unguja. Nina flaitrapu nimenunua hapa, iko kwenye kikombe, mwezi wa kwanza ilikuwa nzuri sasa inafanya weusi. Maji nayatia ya bomba, huku bomba ni maji ya bahari yaliyosafishwa, si ndo safi hayo? Na joto letu unalijua. Nifanyeje mwanangu?

Mkulima wa Gereji (mleta uzi)

Waalaykum salaam shangazi, shikamoo. Maji ya bahari yakishasafishwa huwa wanayarudishia madini kidogo kabla hayajaingia kwenye mabomba, ili yasile mabomba na yawe ya kunyweka. Kwa hiyo ni safi kwa binadamu lakini sio kwa flaitrapu. Ila shangazi una maji bora ya bure na pengine unayamwaga: maji ya AC. Yale yanayodondoka kwenye kile kibomba cha nje ni mvuke wa hewani uliogeuka maji, madini yake ni kidogo sana. Kinga kwenye ndoo safi, pima kwa kipimo cha TDS, mara nyingi yanakuwa chini ya 50. Yachuje kwa kitambaa maana AC ikiwa na vumbi na maji yanabeba vumbi, na tusiyanywe, ni ya mimea tu. Hili wadau wa Dar na Mombasa nao walichukue.

Fanya hivi: weka chungu chini ya maji ya AC umwage mengi yapite, mara tatu nne, ili uoshe chumvi iliyokwisha kaa humo. Au uuhamishe kabisa kwenye pitimosi mpya. Iweke dirisha lenye jua la asubuhi, ndani ya nyumba, nje kwenye kiangazi cha Muscat usithubutu.

Kuhusu usingizi, winta ya Muscat haitoshi kupoa. Kwa hiyo tumia friji. Desemba unautoa mmea kwenye udongo, unakata majani meusi yote, unausuuza, unauzungushia mosi ya sfagnamu iliyokamuliwa, unyevu sio majimaji, unatia kwenye mfuko wa plastiki unaweka rafu ya chini ya friji miezi mitatu. Kila wiki mbili fungua utazame ukungu. Waambie watu wa nyumbani wasije wakautia kwenye mchuzi.

Nrb Kijani

Sasa mkubwa. Mimi niko Ruiru. Watoto wangu wameona video za hiyo Venus wakasema lazima tupate. Sasa swali, unailisha nini? Kuna jamaa alikuwa nayo hapo Nairobi akawa anaipea vipande vya nyama ya ng'ombe ikaanza kunuka ikakufa.

Mkulima wa Gereji (mleta uzi)

Nyama hapana, jibini hapana, soseji hapana. Mafuta ya nyama yanaoza kabla mmea haujamaliza, na mdomo mzima unaoza nayo.

Ngoja nieleze mdomo unavyofanya kazi maana ukielewa hutaharibu. Ndani ya kila upande kuna vinywele vitatu hivi. Mdudu akigusa mara moja, mmea unahesabu lakini haufungi. Akigusa tena ndani ya sekunde kama 20, unafunga. Hapo bado haujaamua kula, umefunga nusu, meno yameachiana kidogo na mdudu mdogo sana anaweza kutoka. Aliyebaki akiendelea kujitikisa, vikifika vigusio kama vitano mmea unaanza kumwaga vimeng'enya, kingo zinabanana kabisa linakuwa tumbo. Siku 5 hadi 12 baadaye unafunguka umebaki ganda kavu. Sasa mtoto akitia kidole, mmea umetumia nguvu bure, na mdomo mmoja unaweza kufunga mara chache tu katika maisha yake halafu unakuwa mweusi. Ndo maana ile ya dukani inayoguswa na kila mpita njia inafika nyumbani imeshachoka. Waruhusu watoto mdomo mmoja kwa mwezi, na wawe wanaulisha kweli.

Mdudu awe kama theluthi moja ya ukubwa wa mdomo. Inzi mdogo, buibui, siafu aliyekufa pia anafaa ila aliyekufa hajitikisi, kwa hiyo baada ya mdomo kufunga unaukanda taratibu kwa vidole viwili kwa nje kama dakika moja, uamini kwamba kuna kitu hai. Huko porini kwao chakula kikubwa ni sisimizi na buibui, wadudu wanaoruka ni sehemu ndogo. Na usipoilisha kabisa haifi, jua na maji safi vinatosha, itakua taratibu tu.

Mie gerejini silishi flaitrapu mara nyingi. Mlango ukiwa wazi jioni zinajilisha zenyewe.

Mzee wa Bustani, Dar

Mleta uzi nimefuatilia, ni kazi nzuri. Mimi ni mtu wa miche hapa Dar muda mrefu, na nakwambia ukweli, flaitrapu Dar ni hasara. Nimeona zinakuja, miezi sita minane zinaondoka. Pitimosi nayo ni ghali na inakuja kwa kuagiza. Je kuna namna mtu wa Pwani anaweza kuanza bila vitu vya kuagiza?

Mkulima wa Gereji (mleta uzi)

Shikamoo mzee wangu. Hapo umesema lile ambalo nilitaka lisemwe na mtu wa huko. Naungana na wewe, mtu wa Dar, Tanga, Mombasa, Unguja asianze na flaitrapu. Aanze na mmea ambao Dar ni nyumbani kwake. Nepenthes za mabondeni zinataka nyuzi 22 usiku na 30 mchana na unyevu mwingi wa hewa, yaani ni Dar hiyo hiyo, mimi huku naitengeneza kwa hela ndani ya kihema. Hiyo ni ile inayoning'iniza mitungi kwenye ncha za majani, ina kifuniko juu na maji ndani, mdudu anakuja kwa asali ya ukingoni anateleza.

Na Nepenthes ni majirani zetu kabisa. Bara la Afrika hazipo lakini vuka maji tu: Madagaska ziko aina mbili, Nepenthes madagascariensis na masoalensis, na Shelisheli kuna pervillei kwenye milima ya Mahé na Silhouette. Hata maelezo ya kwanza ya Nepenthes kuandikwa na Mzungu yalitoka Madagaska, gavana wa Kifaransa Étienne de Flacourt, mwaka 1658. Borneo ndo kwenye majitu, Nepenthes rajah ya mlima Kinabalu mtungi wake unaweza kubeba zaidi ya lita 2, na kuna nyingine, lowii, ambayo mitungi yake ya juu imegeuka kuwa choo: kuna mnyama mdogo kama kuchakulo anakuja kulamba utomvu wa kifuniko, amekaa juu ya mtungi, anajisaidia humo, na mmea unapata nitrojeni yake. Nikifikiria jinsi hilo lilivyojipanga lenyewe huko mlimani bila mtu kulipangia nachoka kabisa.

Kwa kuanza chukua chotara inayoitwa ventrata, ni ngumu, inavumilia, inavumilia hata unyevu wa kawaida wa nyumbani.

Udongo wa huko: kokopiti, yaani unga wa makumbi ya nazi, inawezekana ila mzee unajua makumbi ya pwani, mengine yamefukiwa kwenye tope la bahari ili yatoe usumba wa kamba, yamejaa chumvi. Loweka kwenye maji ya mvua, kamua, mwaga, rudia mpaka kipimo cha TDS cha maji unayokamua kishuke chini ya 50. Bila kipimo usijaribu. Badala ya perilaiti, wa Arusha na Moshi na Naivasha mna jiwe la pamisi, lile jepesi linaloelea, lisagwe vipande kama punje za mahindi lioshwe. Na mkaa wa kupikia vipande vidogo unasaidia hewa kwenye mizizi ya Nepenthes.

Maji, masika mnayo bure. Kiangazi ni AC. Kuna na yale maji ya betri yanayouzwa kwenye sheli, hayo yakiwa ni distildi kweli yanafaa, LAKINI soma chupa, kuna chupa nyingine ni asidi ya betri na zinakaa rafu moja. Hiyo inaua mmea na inakuunguza wewe.

Nrb Kijani

Na hizo vijidudu vidogo nyeusi zinaruka kwa udongo? Nikianza hii kitu kwa nyumba wife atanifukuza.

Mkulima wa Gereji (mleta uzi)

Hao wanaishi kwenye pitimosi yenye unyevu, kila gereji wanao. Dawa yao ni mimea yenyewe. Panga Drosera capensis ukingoni mwa shelfu, ile ya Rasi ya Afrika Kusini yenye majani kama mkanda, na Pinguicula za Meksiko zenye majani manene kama ua yenye mafuta juu, baada ya wiki chache utaona zimepakwa weusi wa vijidudu. Capensis ni ngumu sana kuua, na inamwaga mbegu mpaka unazikuta zimeota kwenye vyungu vya jirani. Anayeanza aanze nayo.

Wadudu wabaya ni vidukari. Wakiingia kwenye flaitrapu majani mapya yanatoka yamepinda. Zamisha chungu chote ndani ya maji safi siku mbili, vidukari wanakufa, mmea hauna neno. Rudia baada ya wiki. Sabuni ya vyombo sishauri. Ukungu wa kijivu winta unaletwa na hewa iliyosimama na majani yaliyokufa, kwa hiyo kata weusi wote na feni isizimwe.

Dada wa Charlotte

Kaka mimi niko Charlotte, tuko karibu. Nimeambiwa huko Wilmington ziko nyingi porini, kwani si tunaweza kwenda wikiendi tuchimbe chache? Si ni nyasi tu.

Mkulima wa Gereji (mleta uzi)

Dada yangu tafadhali USICHIMBE. Na wengine mnaoishi huku soma kwa makini maana hili linaweza kumharibia mtu makaratasi yake. Tangu tarehe 1 Desemba 2014 kuchimba flaitrapu kwenye ardhi isiyo yako bila idhini ya maandishi ya mwenye ardhi, jimbo hili, ni kosa la jinai kubwa, sio faini ya barabarani. Sheria haikuchukua hata miezi miwili kutumika: Januari 2015 wanaume wanne walikamatwa na mimea 970 waliyoitoa kwenye pori la Holly Shelter, na mmoja wao alikwenda jela. Mwaka 2013 bustani ya Stanley Rehder pale pale Wilmington, bustani ya umma ambayo watu wanapeleka watoto bure, waliiba kama mimea 1,000 kwa mpigo. Iba kwenye pori ambalo ndo nyumba yake pekee duniani, halafu unauza kikombe kimoja bei ya soda. Mimi hilo linaniuma kweli.

Nenda uione badala yake. Carolina Beach State Park wana njia fupi ya kutembea inaitwa Flytrap Trail, kuingia ni bure, nenda Mei au Juni ukute na maua yake meupe. Kaa kwenye njia, inama chini, tazama kwenye nyasi fupi, ni ndogo kuliko unavyodhani. Green Swamp nako kuna Sarracenia zimesimama, mitungi mirefu ya njano juu ya nyasi. Ukishaona vile zinavyokaa na jua na maji yao utajua mara moja gereji yako inakosa nini.

Wa kununua nunua kwa wakulima wanaozalisha wenyewe, kwa mbegu au kwa vipandikizi vya maabara. Uliza tu swali moja, mmezalisha wapi. Mwenye mmea halali anakujibu kwa raha na maelezo marefu.

Mwana wa Njombe

Mkuu, huku kwetu Juni na Julai usiku kunashuka sana, umande unaganda kabisa sehemu za Makete. Mimi naweza kulea flaitrapu bila friji?

Mkulima wa Gereji (mleta uzi)

Wewe kati ya wote waliouliza hapa una nafasi nzuri kuliko wote. Baridi unayo. Kinachopungua ni tofauti ya urefu wa siku, kule kwetu mchana wa Juni na wa Desemba unapishana saa moja tu na kidogo, wakati Wilmington unapishana saa zaidi ya nne, na mmea unasoma baridi na urefu wa mchana vyote viwili. Kwa hiyo Juni hadi Agosti ufunike kwa ndoo kuanzia saa kumi jioni mpaka asubuhi ukafupishe mchana, maji kidogo, usilishe. Usiku wa kuganda uingize kwenye banda. Sarracenia purpurea nayo jaribu, ile fupi nene inayokinga mvua, inaishi mpaka Kanada, hiyo baridi ya Makete haitaiona.

Mbegu ndo njia rahisi kwa mlioko nyumbani, mmea mzima na pitimosi yake vinasumbua mpakani. Kwanza ulizeni kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea, Tanzania ni TPHPA, Kenya ni KEPHIS, na udongo msibebe kabisa. Flaitrapu, Sarracenia na Nepenthes ziko pia kwenye orodha za CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama wa porini, kwa hiyo mmea hai unahitaji na karatasi hiyo.

Mbegu za Sarracenia zinataka baridi kwanza, zitie kwenye mosi yenye unyevu, friji wiki 4 hadi 6, ndo uzipande. Za Drosera capensis hazitaki hilo, unazimwaga juu ya udongo bila kuzifukia maana zinahitaji mwanga kuota, funika chungu kwa plastiki, wiki tatu nne unaona vidoti vya kijani, na vikiwa vidogo vile vile tayari vina umande wake. Flaitrapu kutoka mbegu mpaka mmea mkubwa ni miaka mitatu minne, kwa hiyo panda capensis siku hiyo hiyo uwe na kitu cha kuangalia wakati unasubiri.

Mwana wa Njombe ukipata zile Drosera za tindiga zikiwa na maua weka picha hapa, pamoja na mwezi na urefu wa eneo kutoka usawa wa bahari. Ila sehemu yenyewe usiitaje kwa jina.